Programu Nne za Wakubwa

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Machi, pale programu ya kutafuta damu ilipogoma kusoma majina kutoka programu ya wachangiaji. Hospitali ilikuwa na programu nne. Kila mkubwa aliyekuja alileta yake, akapigwa picha nayo, na hakuna iliyoelewana na mwenzake. Siku hiyo Kheri, mlinzi wa geti, akafiwa na mkewe aliyekuwa akisubiri damu.

Leo kuna mama mwingine chumba cha kujifungulia, naye anatokwa damu nyingi. Salome, fundi wa kompyuta, amezifuta programu zote nne. Kazi zao ameziandika upya kwa lugha moja ya kompyuta, katika faili moja inayotafuta damu, kuilinganisha na kuwaita wachangiaji.

"Nani kakupa ruhusa?" mganga mkuu anafoka.

"Hakuna, bosi. Ungenipa lini, na huyo mama anakwisha?"

Anabonyeza kitufe. Kioo kinasita kidogo, kisha majina yanaanza kushuka na ujumbe unaruka kwenye simu za watu mjini. Muda si muda pikipiki zinafurika getini.

"Piteni! Piteni, wanangu!" Kheri anapaza sauti.

Kabla ya adhuhuri mtoto analia, na mama yake anaomba uji. Wauguzi wanapiga vigelegele, wanambeba Salome juu juu. Mganga mkuu naye anapiga makofi, utadhani kazi ni yake.

Kheri anamsogelea.

"Bosi, dada huyu aliomba kuziunganisha programu hizo tangu mwaka jana, mke wangu akiwa hai. Mkono uliomwandikia 'Hapana' ulikuwa wa nani?"