Laini Ndefu ya Kituyi

Mke wa Mwalimu Wasike alimpita mumewe bila hata kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya Kituyi. Lokesheni nzima, mtaa wa Waafrika, iliona. Mwalimu Wasike, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja na watu wake wachache, akainua uso kama mtu aliyevutiwa sana na anga la Eldoret, ingawa halikuwa na wingu hata moja.

Kituyi, karani wa ghala la ngano, alijitahidi asicheke. Kicheko kikamtokea puani.

Walikuwa wakigombea kiti cha mwakilishi wa lokesheni, kiti kimoja tu, cha kukaa mkutanoni na wazungu wa mji. Shule za misheni nazo zilikuwa zimefanya kazi yao vizuri mno. Wanaume saba walijua Kiingereza, wote saba walivaa viatu, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kiti kile kilichongwa kwa kipimo cha makalio yake. Mwaka ule wa 1949 kila mmoja aliwachochea vibarua dhidi ya watu wa mwenzake. Kanisa liligawanyika, timu ya mpira ikavunjika, na Kipyego, mgombea kutoka Moiben, akachomewa kibanda chake cha duka. Waliopasuliwa vichwa na kulala korokoroni ni vibarua, ambao hata viatu hawakuwa navyo.

Bwana Shauri, mzungu wa serikali, alichoka. Akatangaza kwamba Jumamosi kila mgombea asimame na watu wajipange nyuma yake, wake kwa waume. Laini ndefu ndiyo ingechukua kiti. Zikikaribiana, kiti kingefutwa.

Kituyi hakulala vizuri wiki hiyo. Kiti kikifutwa, angebaki karani wa kufokewa ghalani mpaka uzeeni. Basi Jumamosi aliwahi mapema. Uwanja ulikuwa vumbi tupu, na viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa vikang'aa, kwa hiyo alichagua kusimama kwenye kisakafu cha saruji pembeni, mahali ambapo mtu wa ofisi kama yeye hakuwa na kawaida ya kufika.

Watu wakaja. Walitangulia akina mama, wakafuata wapishi, wafagiaji na hata vijana wa Kipyego. Wengi walibeba madebe, na Kituyi alielewa mara moja kwamba ni ya kupigwa atakaposhinda. Waliorushiana mawe juzi sasa walipangana kimya, kifua kwa mgongo, laini ikazunguka mpaka nyuma ya kanisa. Moyo ulimjaa. Kumbe watu hawa walitaka amani siku zote, walikosa tu mtu wa kuwaunganisha.

Bwana Shauri alifika, akaitazama laini ile kwa muda.

"Hii yote ni watu yako?"

"Yote, Bwana."

Mzungu aliandika jina la Kituyi, akampa mkono mbele ya wagombea wenzake wote sita, akaondoka ameridhika. Kituyi akafuta macho kwa leso. Akatoa hotuba yake mfukoni, akageuka kuwashukuru watu wake.

Aliyekuwa wa kwanza nyuma yake alikuwa Mama Nekoye, muuza mboga.

"Mzee," alisema kwa upole, "kama hauna debe, tupishe. Bomba imeanza kutoa maji."