Mashindano ya Kubana Pumzi

"Haya, bingwa, jaza kifua, usipumue!" mtaalamu wa mionzi alimwambia kwa kipaza sauti mtoto aliyelala peke yake kwenye chumba cha mashine. Mtoto akijaza kifua, moyo wake husogea mbali na mionzi inayopiga uvimbe.

Kando ya mtaalamu, bibi yake mtoto naye akabana pumzi, mashavu yamemvimba kama puto. Wiki nzima nyumbani walishindana hivyo, na kila mara bibi alijifanya kashindwa ili mjukuu asikate tamaa.

Kwenye skrini, mstari wa pumzi ya mtoto ukanyooka kama uzi. Sekunde kumi na tano. Ishirini. Bibi akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pumua! Moyo wako hatujaugusa," mtaalamu alicheka. "Na bibi yako hoi."

Kasauti kakatoka kwenye spika: "Bibi, leo hukujifanya, eh?"