Kitambaa cha Bibi Harusi

Gari la kumrudisha mwalimu kwao lilikuwa linanguruma nje. Mama Pacha, mmoja wa wanafunzi wake, akatandaza kitambaa cha bibi harusi mezani, akamsogezea mkasi.

"Nikatie wewe, mwalimu. Nikikiharibu, mwenyewe atanila mbichi."

Mwaka mzima mwalimu alikuwa amejitolea kufundisha ushonaji huku ugenini, na kila kitambaa cha thamani alikikata yeye, kwa huruma. Leo aliona huruma ile ilivyowafunga mikono wanafunzi wake.

Akamwomba Mungu kimoyomoyo, akaficha mikono ndani ya mtandio.

"Chaki umepiga sawasawa. Kata."

"Dereva anapiga honi, mwalimu."

"Honi haikati nguo. Siondoki mpaka nisikie mkasi."

Mama Pacha akashika mkasi, akafumba jicho moja.

"Fumbua yote mawili."

Mkasi ukauma kitambaa. Mwalimu akabeba begi lake, akatoka bila kutazama kama mkasi unafuata mstari wa chaki.