Mwenye Kuona Mbali

Lengo la mwaka wa kumi lilikataa kushika ukutani mwa chumba cha kupanga, nyuma ya kituo cha mafuta. Mkurugenzi alilibandika kwa gundi, likaanguka; akalipigilia msumari kwa kisigino cha kiatu, likatulia: MATAWI AROBAINI. Chini yake yalikuwapo malengo ya mwaka wa tano na wa tatu. Lengo la wiki hii halikuwapo, kwa kuwa wiki, alivyopenda kusema, ni kipimo cha vibarua.

Cheo alikuwa amejivika mwenyewe. Kwa miezi minane alikuwa akiuza samani mtandaoni, yaani alichota picha za meza na makabati katika kurasa za watu, akazianika katika ukurasa wake. Bidhaa yenyewe hakuwa nayo, hata kigoda. Mteja akijitokeza, ndipo angetafuta pa kuipata. Mteja hakujitokeza.

"Mume wangu, si umwombe baba akutengenezee mbili tatu za kuanzia?" mkewe alimwuliza, akishona vifungo vya sare za watu. Vifungo hivyo ndivyo vilivyowalisha.

"Baba yako ni fundi wa uchochoroni. Mimi ninaona mbali."

Hata meza yake ya kazi hakutaka itoke kwa mkwewe. Aliiagiza mtandaoni, kwa muuzaji mwenye picha za kumetameta, akajibiwa kwa adabu: "Vuta subira wiki moja, mheshimiwa, inatoka kiwandani." Akarudi kuyakodolea macho malengo.

Baba mkwe, aliyekuwa seremala kwa miaka arobaini, alichoka kutazama. Alikuja na vumbi la mbao nyusini, akakataa kuketi.

"Mkwe, binti yangu anapofuka kwa vifungo, nawe unahesabu matawi ya mti usioupanda. Ukimaliza mwezi huu bila kumhudumia mteja hata mmoja, tarehe mosi nikukute karakanani. Utashika randa."

"Randa! Baba, mimi?"

"Kwani mikono hiyo umeiazima?"

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, simu ililia. Mwanamke mmoja mfanyabiashara alihitaji meza ya ofisi haraka, ipelekwe moja kwa moja kwa mteja wake. Anwani angeituma siku ya kuipeleka.

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Mkurugenzi aliingia karakanani, kifua kikiwa kimemtangulia.

"Umesikia, baba? Mteja! Waliokuwa wakinicheka sasa wameze mate."

Mzee aliweka msumeno chini. Alikuwa mtu mwadilifu. Hakujua kushindwa nusunusu.

"Basi nimekukosea, mkwe wangu. Kumbe uliona nisichokiona. Meza hii nitaitengeneza mimi, tena kwa mbao zangu bora. Ikishapokelewa, habari ya randa hutaisikia tena kinywani mwangu."

Siku tatu mzee alipasua, akapiga randa, akapaka vanishi. Siku tatu Mkurugenzi alisimama kando, mikono mfukoni, akimfundisha fundi maana ya subira. Usiku alifuta arobaini, akaandika mia.

Siku ya mwisho ya mwezi meza ilipakiwa mkokotenini. Mzee alishika mipini, jasho likimtiririka; Mkurugenzi alitangulia na tai shingoni, simu mkononi, akiwapungia mkono majirani waliojaa mlangoni mwa karakana. Mkewe naye aliacha vifungo, akaja kushuhudia. Alikuwa akitabasamu.

"Haya, bwana mkubwa, tuelekee wapi?" mzee aliuliza.

Simu ilitoa mlio. Mkurugenzi alikohoa, akapaza sauti ili mtaa mzima usikie, akasoma ujumbe wa yule mwanamke:

"'Nyuma ya kituo cha mafuta, geti la buluu, chumba cha tatu. Ukifika, muulizie mtu mmoja anayejiita Mkurugenzi.'"