Picha Iliyonipa Tuzo

Siku hizi sheria inataka kila picha ya habari itunze sauti za pale ilipopigwa, na ukiigusa inazitoa. Jana maofisa walikuja kuiwekea sauti zake picha ile iliyonipa tuzo: mwanamke juu ya paa, mafuriko yamemzunguka. Nyumbani nimesimulia miaka yote kwamba niliipiga kutoka darajani, mbali.

Leo binti yangu Mejumaa alikuwa akiipangusa vumbi. Mwanamke akalia, “Nisaidieni.” Kisha ikasikika sauti yangu: “Kaka, zima injini kwanza. Boti inatikisa kamera.”

Mejumaa akageuka. “Baba, mlikuwa na boti?”

“Ilikuwa dakika mbili tu.”

“Na yeye?”

 Mejumaa akaendelea kupangusa kingo za fremu polepole, akichunga asiguse kioo tena.