Msiwaambie Kwetu

Bi Sikudhani alikuwa akipepeta mchele uani wakili alipopiga simu kutoka ng'ambo. Binti yake Rukia akaweka sauti ya juu.

"Mama, rufaa imekataliwa," wakili alisema. "Nilidai kwamba mwanao Haruni alipokamatwa hawakumpa nafasi ya kuuita ubalozi wenu. Kumbe walimpa, akakataa mwenyewe. Alisema, 'Msiwaambie kwetu, mama ana presha.'"

Kwa hiyo alikaa kortini peke yake, kwa lugha asiyoijua, mpaka akahukumiwa kunyongwa.

Ungo ukasimama mikononi. Nani alimfundisha, kama si yeye? Tukilala njaa, nyamaza. Baba akinipiga, nyamaza. Ya nyumbani hayatoki nje. Watoto wengine husahau mafunzo ya mama zao. Huyu wake, jamani, aliyashika mpaka kwenye kamba.

"Limebaki ombi la msamaha," wakili aliendelea. "Mji mzima ukipiga kelele, serikali yenu itamwombea. Majirani wanajua?"

"Wanajua yuko kazini," Rukia alijibu kwa sauti ndogo.

"Hodi wenyewe!" Mama Chausiku wa nyumba ya pili alikwishaingia, bakuli mkononi. "Nigawie chumvi, shoga. Na huyo Haruni wako hajambo? Mwambie asiniletee salamu tupu, alete na marashi!" Akacheka.

Rukia alimtazama mama yake. Bi Sikudhani alifumbua mdomo, chuya zikimwagika miguuni, na huko ng'ambo wakili alikuwa bado anasikiliza.