Mteja wa Saa Saba

Simu ililia saa saba kamili mchana, kijiko kikiwa karibu kufika mdomoni mwa Kidoti. Mama yake alikirudisha kwenye bakuli, akamfuta mtoto mashavu haraka haraka, akachomeka waya za simu masikioni. Mteja huyu hakuwahi kukosea saa.

"Habari za mchana, mbunifu wangu! Ile rangi ya chungwa kwenye nembo, naona tuirudishe iwe kijani."

Kijani ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Katikati zilipita bluu, zambarau na manjano mbili ambazo jicho la binadamu haliwezi kuzitofautisha. Mama Kidoti alicheka kile kicheko cha wateja, kinachotokea puani, akasema hakuna shida.

"Na binti je? Yuko wapi saa hizi?"

"Nimemfungia chumbani. Wewe sema tu."

Alisema hivyo akiwa bado amembeba kumpeleka. Alimweka kitandani, akamwashia katuni kwenye simu ya zamani, akasukuma komeo kwa nje. Mtoto wa miaka mitatu, na chakula hajamaliza.

Mtu asimfikirie vibaya. Hakuwa na roho mbaya. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Baba Kidoti alikuwa ameoa tena, na sasa mwisho wa wiki haukumtosha, alimtaka mtoto moja kwa moja. Afisa wa ustawi wa jamii, mwanamama mwenye miwani minene, alikuwa amesema bila kuzungusha maneno: "Mama, nataka kuona una kazi inayoeleweka. Na nataka kuona mtoto anaangaliwa. Vyote viwili. Tuonane mwisho wa mwezi."

Wiki hiyo hiyo akapata mteja. Shule mpya ya chekechea, inataka nembo, vipeperushi, mabango ya ukutani, hadi vibandiko vya chupa za maji. Mama Kidoti alipiga magoti sebuleni akashukuru.

Wanaofanya kazi nyumbani wana uongo wao. Mwenye mbwa husema hana mbwa. Mwenye mtoto husema mtoto amelala. Mama Kidoti aliwahi kupoteza mteja aliyesikia kilio kwenye simu, na tangu hapo alikuwa akitia chumvi: mtoto hanisumbui, mtoto namfungia, mtoto ameshazoea. Mengine yalikuwa kweli, mengine ya biashara tu.

"Mkurugenzi wetu anawaogopa wabunifu wenye watoto wadogo," mteja alimwambia siku moja. "Hebu niandikie mistari miwili mitatu nimwonyeshe, atulie."

Aliandika pale pale. *Kazi yenu ndiyo ya kwanza. Hata akilia simfungulii mpaka nimalize.* Akautuma ujumbe, akarudi kwenye vipeperushi vyake akiwa amefarijika.

Jumatano iliyofuata, Kidoti alipanda juu ya droo za kabati ili achungulie dirishani. Kishindo kilisikika hata kupitia zile waya.

"Nini hicho?" mteja aliuliza.

"Si kitu. Tuendelee."

Wakaendelea dakika nne nzima, wakibishana kuhusu unene wa herufi. Alipofungua mlango alimkuta mtoto amekaa sakafuni, mdomo umepasuka, damu imeloanisha kifua cha gauni. Hakuwa analia. Alikuwa amelia akachoka, akanyamaza, na kunyamaza huko kulimkata mama yake maini. Alimkumbatia, akamwaga machozi kwenye nywele zake, akaapa kwamba kazi hii ikiisha hatafunga mlango tena.

Jumapili jioni Kidoti alirudi kutoka kwa baba yake akiwa amesukwa vizuri, na marhamu nyeupe mdomoni.

"Mama mdogo kanipaka dawa. Na kanipiga picha."

Mama mdogo! Mama Kidoti hakuwahi kumtia machoni huyo mke mpya, wala kutaka. Baba mtu ndiye aliyekuja getini kumchukua mtoto, na ndiye aliyemrudisha. Aliifuta ile dawa, akampaka yake.

Mwisho wa mwezi ukafika. Alivaa sketi yake ya heshima, akamvalisha Kidoti soksi mpya, akaenda ofisini kwa afisa na faili lililojaa. Alimpakata mtoto, akazipanga kazi zake mezani moja moja.

"Unaona, afisa, nina mteja wa kudumu. Kila siku tunaongea."

Afisa aliitazama ile nembo ya kijani kwa muda mrefu.

"Shule hii iko wapi, mama?"

"Bado haijafunguliwa."

"Umeshafika mahali penyewe?"

"Hapana. Tunafanya yote kwa simu."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakumtazama usoni.

"Tuwasubiri wenzako," alisema.

Hawakukawia. Baba Kidoti alitangulia kuingia, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyekumbatia bahasha nene. Kidoti aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake, akakimbia mikono wazi.

"Mama mdogo!"

Mwanamke aliiweka bahasha mbele ya afisa, akambeba mtoto, kisha akamgeukia mama yake.

"Habari za mchana, mbunifu wangu," alisema, kwa sauti ile ile ya kila siku saa saba.